Theodor Herzl na Ardhi ya Mababu: Kutoka Basel hadi Uasin Gishu

Wapo watu ambao majina yao hutajwa kila mgogoro wa Mashariki ya Kati unapozungumziwa, ilhali maisha yao hayafahamiki vyema. Theodor Herzl ni mmoja wao. Waisraeli humtukuza kama mwasisi wa fikra iliyozaa dola yao. Wapalestina wengi humhusisha na kupotea kwa ardhi yao. Kwa Mkenya ipo sababu nyingine ya kumchunguza: kati ya mwaka wa 1903 na 1905, jina lake lilifungamana na ardhi iliyomo humu nchini.

Herzl alizaliwa tarehe 2 Mei 1860 mjini Pest, ambao leo ni sehemu ya Budapest, Hungaria. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliokuwa na uwezo na waliozungumza Kijerumani. Mwaka wa 1878, baada ya kifo cha dada yake, familia ilihamia Vienna. Huko Herzl alisomea sheria, akatunukiwa shahada ya udaktari mwaka wa 1884. Hata hivyo, moyo wake ulikuwa katika uandishi. Alitunga tamthilia, na kuanzia mwaka wa 1891 akawa mwakilishi wa gazeti la Neue Freie Presse mjini Paris. Ujanani alitumaini kwamba Myahudi angeweza kuchangamana na jamii za Ulaya hadi ubaguzi ukome.

Tumaini hilo lilififia. Mjini Vienna wanasiasa walijipatia kura kwa kuwachochea watu dhidi ya Wayahudi. Nchini Ufaransa, Alfred Dreyfus, afisa wa jeshi aliyekuwa Myahudi, alihukumiwa mwaka wa 1894 kwa kosa la uhaini ambalo hakulitenda. Januari 1895 akavuliwa vyeo hadharani. Herzl aliripoti kisa hicho. Mwaka wa 1896 alichapisha kijitabu kiitwacho Der Judenstaat, akidai kwamba Wayahudi ni taifa na kwamba usalama wao ungepatikana katika dola yao wenyewe. Ni muhimu kutambua kwamba humo aliziweka Argentina na Palestina kwenye mizani moja. Kwake yeye, jambo la dharura lilikuwa kimbilio. Mahali pangeweza kujadiliwa.

Agosti 1897 aliitisha kongamano la kwanza la Wazayuni mjini Basel, Uswisi. Wajumbe waliazimia kutafuta makao ya taifa lao katika Palestina, nchi ambayo mababu zao waliishi na kutawala, na ambayo Wayahudi waliielekea katika sala kwa karne nyingi. Palestina wakati huo ilikuwa chini ya milki ya Waturuki wa Uthmania. Kwa hiyo Herzl alibisha milango ya wakuu: alikutana na Kaisari Wilhelm II wa Ujerumani mwaka wa 1898 na Sultani Abdul Hamid II mwaka wa 1901. Hakupata hati aliyoitaka.

Aidha, Palestina haikuwa nchi tupu. Waarabu, Waislamu kwa Wakristo, ndio waliokuwa wengi mno humo. Walikuwa na vijiji, mashamba ya mizeituni na makaburi ya mababu zao. Machi 1899, Yusuf Diya al-Khalidi, aliyepata kuwa meya wa Yerusalemu, aliandika barua iliyomfikia Herzl kupitia kwa rabi mkuu wa Ufaransa. Al-Khalidi alikiri uhusiano wa kihistoria wa Wayahudi na nchi hiyo, lakini akatahadharisha kwamba ina wenyewe, na kwamba hawangekubali kuondolewa. Herzl alijibu kwa adabu. Alisema kuwa wahamiaji wangeleta mali na maarifa, na kwamba thamani ya ardhi ya wenyeji ingepanda. Hapo ndipo ulipodhihirika upungufu mkubwa wa hoja yake: aliulizwa juu ya haki, akajibu juu ya faida.

Aprili 1903, ghasia za mjini Kishinev, katika milki ya Urusi, ziliwaua Wayahudi 49. Mwaka huohuo Joseph Chamberlain, Waziri wa Makoloni wa Uingereza aliyekuwa amepita Afrika Mashariki kwa reli, alimdokezea Herzl uwezekano wa kupewa ardhi huku. Mpango huo umezoeleka kuitwa wa Uganda, ila eneo lililokuja kutajwa, uwanda wa Uasin Gishu, lilikuwa limehamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki mwaka wa 1902, nalo leo limo Kenya.

Herzl aliufikisha mpango huo mbele ya kongamano la sita mjini Basel, Agosti 1903, kama hifadhi ya muda. Wajumbe 295 waliunga mkono kutumwa kwa tume ya uchunguzi, 178 walipinga. Wengi wa wajumbe kutoka Urusi walitoka ukumbini, baadhi wakilia kama waombolezao hekalu lililobomolewa. Ajabu ni kwamba miongoni mwao walikuwamo wajumbe wa Kishinev kwenyewe. Waliohitaji kimbilio kuliko wote walikataa kuibadili nchi ya mababu kwa nchi nyingine. Ili kuwatuliza, Herzl aliinua mkono wa kulia, akaapa kutoisahau Yerusalemu.

Moyo wake, uliokuwa na maradhi, haukudumu. Alifariki tarehe 3 Julai 1904 huko Edlach, Austria, akiwa na umri wa miaka 44. Tume ya watu watatu ilifika Mombasa Januari 1905, ikazuru Uasin Gishu, na Julai mwaka huo kongamano la saba likaukataa mpango. Walowezi wa Kizungu nao walikuwa wameupinga vikali. Ama Wanandi na Wamaasai, ambao mifugo yao ililishwa pande hizo, hawakuulizwa lolote. Oktoba 1905 kiongozi wa Wanandi, Koitalel arap Samoei, aliuawa na Waingereza, na kuanzia mwaka wa 1908 Makaburu kutoka Afrika Kusini walipewa mashamba kwenye uwanda huo.

Dola ya Israeli ilitangazwa tarehe 14 Mei 1948. Katika vita vya wakati huo, Wapalestina wapatao 700,000 walifukuzwa au kukimbia makwao. Mwaka wa 1949 mabaki ya Herzl yalihamishwa kutoka Vienna na kuzikwa Yerusalemu.

Maisha haya yana funzo kwetu sisi tunaojua uchungu wa mashamba. Wajumbe waliolia mjini Basel walitambua kwamba ardhi ya mababu haifidiwi kwa ardhi nyingine, hata iwe na rutuba kiasi gani. Hoja hiyo ni ya kweli. Lakini ikiwa ni ya kweli kwa Myahudi wa Kishinev, basi ni ya kweli pia kwa Mpalestina anayeambiwa ahamie nchi nyingine ya Kiarabu, na kwa Mnandi wa Uasin Gishu. Anayedai haki kwa jina la mababu zake hana budi kuyasikiliza makaburi ya mababu wa jirani yake.