Ibn al-Haytham na Tundu la Ukutani

Wewe wa Eastleigh, wewe wa Majengo, wewe wa Umoja na Kayole, juzi sote tulikuwa juu ya maghorofa tukiutafuta mwezi mwandamo. Sasa ngoja mpaka katikati ya Ramadhan, uutazame ukichomoza wakati wa adhana ya Magharibi. Utauona mkubwa kama sinia. Usiku wa manane, ukiwa juu utosini, umekuwa sahani. Je, umepungua? Nyoosha mkono, fumba jicho moja, uufunike kwa punje ya njegere. Punje ile ile inautosha mara zote mbili! Mwezi haukubadilika, ni akili yako iliyouhukumu vingine. Aliyelieleza jambo hili karibu miaka elfu moja iliyopita ni Abu Ali al-Hasan ibn al-Haytham.

Alizaliwa Basra, Iraq, mnamo mwaka 354 Hijria, yaani 965 Miladia. Wanahistoria wanasimulia kuwa khalifa wa Misri, al-Hakim, alisikia ya kwamba bwana huyu anaweza kuyadhibiti maji ya mto Nile, akamwita. Akasafiri na mafundi mpaka kusini ya Aswan. Njiani akawa anayaona majengo ya Wamisri wa kale yalivyopimwa kwa ustadi, akajiuliza: watu wenye hesabu kama hizi, lau jambo hili lingewezekana, si wangelifanya zamani? Akarudi Cairo akasema haiwezekani. (Bwawa kubwa la Aswan lilikamilika mwaka 1970, kwa mashine ambazo yeye hakuwa nazo.)

Inasemekana kwamba kwa kuiogopa hasira ya khalifa alijifanya mwendawazimu, akafungiwa nyumbani hadi al-Hakim alipotoweka mwaka 1021. Kisa hiki kiliandikwa muda mrefu baada yake, kwa hivyo kipokee kwa tahadhari. Nadhani yeye mwenyewe angetaka ufanye hivyo.

Kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa tabia yake. Wakati ule wasomi waliwaheshimu sana Euclid na Ptolemy, waliofundisha kwamba jicho hutoa miale inayokwenda kugusa vitu. Ibn al-Haytham hakuwadharau, alivisoma vitabu vyao na inasemekana aliishi kwa kuvinakili na kuviuza. Lakini aliuliza: mbona jicho huumia likitazama mwanga mkali? Basi mwanga ndio unaoingia. Na hakuishia kwenye maneno. Alichukua chumba chenye giza, kikiwa na tundu dogo, akapanga taa kadhaa nje. Ukutani ndani zikatokea alama za mwanga, kila taa na yake. Akifunika taa moja, alama yake inatoweka. Akiifunua, inarudi. Kumbe mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka, na miale hupishana tunduni bila kuchanganyika. Haya aliyaandika katika Kitab al-Manazir, juzuu saba. Alifariki Cairo karibu na mwaka 1040. Kitabu kikatafsiriwa Kilatini, na mwaka 1572 kikapigwa chapa Basel.

Sasa tuambiane ukweli. Tundu lile ndilo kamera ya tundu iliyokuwa katika fizikia ya kidato cha 1. Wanafunzi wangapi waliichora kwa rula, wakaikariri, wakapita mtihani, na hawakuwahi kuitengeneza hata siku moja? Kisingizio cha maabara hapa hakipo. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia, na mmoja wa mikondo mitatu ni wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Daftari likibaki lile lile la kunakili, mkondo ni jina tu.

Na usiniambie ati hayo ni ya Basra. Mwaka 1963 huko Lushoto, Tanzania, mwanafunzi wa shule ya Magamba, Erasto Mpemba, aliona maziwa yake ya moto yakiganda kuwa aiskrimu kabla ya yale yaliyopozwa. Akaambiwa amechanganyikiwa. Akaendelea kuuliza, akachekwa, mpaka Dkt. Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam akaamua kujaribu, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Wataalamu wanabishana mpaka leo.

Basi alasiri hii, badala ya kulala ukingoja futari, tafuta mkebe wa Kimbo. Toboa kitako kwa msumari mwembamba. Ukishindwa, mafundi wa Jua Kali pale Kamukunji hawatashindwa. Mdomoni funga karatasi nyeupe iliyopakwa mafuta kidogo ya kupikia. Kaa ndani, jifunike leso pamoja na mkebe, elekeza tundu dirishani (jua lenyewe usilitazame kabisa). Utaziona nguo za jirani zimeanikwa juu chini. Halafu lipanue tundu kidogo kidogo, uangalie picha inafanya nini. Ibn al-Haytham aliandika risala nzima juu ya kupatwa kwa jua, na swali la ukubwa wa tundu limo humo.