Marehemu Robert Serumaga, Bingwa wa Jukwaa

Ndugu zangu tuliomaliza, nanyi wanafunzi mliopo, kila tukutanapo hapa Singida huzungumzwa Vita ya Kagera, na majina yatajwayo ni ya askari. Mimi naleta habari za mwigizaji.

Robert Serumaga alizaliwa Uganda mwaka 1939, akasomea uchumi katika Chuo cha Trinity, Dublin. Aliporudi, jukwaa lilimvuta kuliko hesabu: aliandika michezo ya kuigiza, akaiongoza na kuicheza mwenyewe. Mchezo wake Majangwa ni wa mwaka 1971, mwaka ule ule Idi Amin alipotwaa madaraka. Tangu hapo neno moja liliweza kumpoteza mtu. Basi Serumaga akayaacha maneno. Katika Amayirikiti, mwaka 1974, kundi lake la Abafumi lilicheza bila kusema; viungo vya mwili ndivyo vilivyosimulia mateso ya nchi. Mpelelezi angeandika nini katika daftari lake? Kwa hilo namsifu kuliko yote.

Baadaye aliingia katika harakati za kumwondoa Amin. Kampala ilipokombolewa Aprili 1979, akawa Waziri wa Biashara katika serikali ya Yusufu Lule, iliyodumu siku 68 tu. Mwaka 1980 alifariki mjini Nairobi.