Mwalimu Aliyemwachia Msomaji Njia: Maisha ya Julio Cortázar

Kabla ya kujulikana ulimwenguni kwa riwaya zake za Kihispania, Julio Cortázar alikuwa mwalimu kama tulivyo sisi. Alizaliwa mwaka 1914 mjini Brussels, Ubelgiji, kwa wazazi Waargentina, akakulia Banfield, kitongoji cha Buenos Aires. Baba aliitupa familia mtoto angali mdogo. Maradhi yakamweka kitandani mara kwa mara, naye akashinda akisoma.

Alisomea ualimu katika chuo cha Mariano Acosta. Tangu mwaka 1937 alifundisha Bolívar, kisha Chivilcoy hadi 1944, miji midogo ya nyanda za mashamba. Upweke wa mwalimu kijana aliyepangiwa kazi mbali hauhitaji kuelezwa kwa wasomaji wetu. Baadaye alifundisha fasihi katika Chuo Kikuu cha Cuyo, Mendoza, ingawa hakuwa na shahada. Alishiriki upinzani dhidi ya Perón, na Perón aliposhinda uchaguzi mwaka 1946, Cortázar alijiuzulu mwenyewe, asingoje kufukuzwa. Mwaka 1951 alihamia Paris, akawa mfasiri wa UNESCO.

Kitabu kilichomtangaza ni Rayuela, cha mwaka 1963. Jina hilo ni la mchezo wa watoto wa kuruka kwa mguu mmoja katika vyumba vilivyochorwa chini, kutoka Dunia hadi Mbingu. Kina sura 155. Msomaji aweza kusoma sura 1 hadi 56 na kuziacha nyingine, au kuanza sura ya 73 na kurukaruka kwa kufuata nambari alizopewa. Twakiri kwamba njia ya pili huchosha. Tena humo mwandishi alimwita msomaji mvivu kwa jina la kike, kosa ambalo baadaye aliwaomba wanawake radhi. Hata hivyo, kitabu kiliwaonyesha waandishi vijana wa Amerika ya Kusini kwamba msomaji aweza kukabidhiwa sehemu ya kazi.

Mwaka 1974 alipata tuzo ya Médicis nchini Ufaransa, akawapa fedha zake wapinzani wa utawala wa kijeshi wa Chile. Alifariki Paris tarehe 12 Februari 1984, akazikwa Montparnasse.

Kwa kazi yetu, lenye manufaa zaidi ni kitabu chake kidogo cha mwaka 1962, Historias de cronopios y de famas. Humo anaeleza namna ya kupanda ngazi kana kwamba msomaji hajawahi kuiona: mguu upi huinuliwa kwanza, upi hufuata. Yafaa kulijaribu jambo hilo katika insha za darasa la tano. Mwanafunzi aeleze namna ya kuchota maji kisimani kwa mtu asiyejua ndoo wala kamba. Kisha mwenzake ayatende yaliyoandikwa, hayo tu, mbele ya darasa, na aliyeandika asiruhusiwe kusema neno.