Mwenyeheri Isidore Bakanja: Mwashi aliyeishi Kipaimara chake mbali na altare

Katika parokia zetu, siku ya Kipaimara huwa ni siku ya shangwe kubwa. Askofu huwawekea vijana mikono, huwapaka Krisma takatifu, na wazazi na wasimamizi hufurahi pamoja nao. Lakini kila paroko na kila katekista anajua jambo linalofuata: baada ya wiki chache nafasi nyingi za vijana hao kanisani huwa wazi. Madaftari ya mafundisho yamefungwa, cheti kimehifadhiwa kabatini, na wapo wanaodhani kwamba safari imekwisha. Maisha ya Mwenyeheri Isidore Bakanja, kijana mlei wa Kongo, yanatuonesha kwamba siku ile safari ndiyo kwanza inaanza.

Isidore alizaliwa kati ya mwaka 1885 na 1890 katika kijiji cha Bokendela, eneo la Ikweta, kaskazini-magharibi mwa Kongo. Nchi hiyo ilikuwa wakati huo chini ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, na watu wake walitaabishwa sana kwa ajili ya mpira na pembe za ndovu. Akiwa bado kijana aliondoka kijijini kutafuta kazi, akaipata Mbandaka kama msaidizi wa waashi. Huko ndiko alikokutana na wamisionari Watrapisti kutoka Ubelgiji, akaanza mafundisho ya dini.

Alibatizwa tarehe 6 Mei 1906. Siku hiyo alipewa rozari na skapulari ya Bikira Maria wa Mlima Karmeli, vitu ambavyo wamisionari waliwapa wabatizwa wapya ili viwe ishara ya imani yao. Tarehe 25 Novemba mwaka uleule alipokea Sakramenti ya Kipaimara, na tarehe 8 Agosti 1907 akapokea Komunyo ya Kwanza. Hakuwa na shahada wala cheo, wala hakuzaliwa katika familia ya Kikristo. Alichokuwa nacho ni sakramenti alizopokea, sala alizojifunza, rozari mkononi na skapulari shingoni.

Mkataba wake wa kazi ulipokwisha, Isidore alirudi kijijini kwao. Huko hapakuwa na Wakristo wenzake, naye hakuridhika kuishi imani peke yake. Aliondoka tena, akaenda kwa ndugu yake huko Busira, alikotumaini kupata Wakristo wa kusali pamoja nao. Akapata kazi ya utumishi wa nyumbani kwa Mzungu mmoja, wakala wa kampuni ya Kibelgiji iliyokusanya mpira na pembe za ndovu. Bwana wake alipohamishiwa kituo cha Ikili, Isidore naye alifuatana naye.

Ikili haikuwa na kanisa wala padre, na Misa ilikuwa mbali. Tena msimamizi wa kituo hicho, aliyeitwa Van Cauter, aliwachukia wamisionari na dini yao. Baadhi ya mawakala wa kampuni waliona kwamba mafundisho ya Kanisa yanawafumbua macho wafanyakazi na kuwaharibia biashara. Bwana wake Isidore alimwonya asioneshe Ukristo wake hadharani. Hata hivyo Isidore aliendelea kusali rozari yake na kuwafundisha wafanyakazi wenzake sala alizozijua. Hakuna aliyemteua kuwa katekista. Watu walimwona hivyo kwa sababu ya kazi aliyoifanya.

Van Cauter alimkataza kuwafundisha wenzake, akamwamuru pia aivue skapulari. Isidore aliitii amri ya kazi katika kila jambo la haki, lakini katika hili hakukubali. Aliomba ruhusa ya kurudi kwao, akanyimwa. Ndipo siku moja ya mwaka 1909 msimamizi huyo, akiwa amejaa hasira, alimwangusha chini, akawalazimisha watumishi wengine kumshika na kumchapa kwa kiboko cha ngozi ya tembo chenye misumari. Alipigwa zaidi ya viboko 100, mgongo wake ukabaki kidonda kitupu. Kisha akafungwa minyororo.

Habari zilipofika kwamba mkaguzi wa kampuni anakuja, Van Cauter alimwondoa Isidore kituoni ili asionekane. Lakini kijana huyo alijificha msituni, kisha akajikokota hadi mbele ya mkaguzi. Mkaguzi alishtuka kwa hali aliyoiona, akamchukua ili atibiwe. Vidonda vilikuwa vimekwisha kuoza, na hapakuwa tena na matumaini ya kupona.

Mwishoni mwa Julai wamisionari wawili walimfikia. Waliyasikia maungamo yake, wakampa Komunyo na Mpako wa Wagonjwa. Walipomhimiza amsamehe aliyemtesa, walikuta amekwisha kumsamehe. Hakuwa na chuki moyoni, na aliahidi kwamba akifika mbinguni atamwombea mtu yule kwa bidii. Alifariki dunia tarehe 15 Agosti 1909, Sherehe ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, akiwa na rozari mkononi na skapulari shingoni. Tarehe 24 Aprili 1994, Sinodi Maalumu ya Maaskofu kwa ajili ya Afrika ilipokuwa ikiendelea mjini Roma, Papa Yohane Paulo II alimtangaza kuwa Mwenyeheri.

Waamini wapendwa, kati ya Kipaimara cha Isidore na kifo chake haikupita hata miaka mitatu. Katika muda huo mfupi alitimiza yale ambayo Kanisa linafundisha juu ya sakramenti hii: kwamba mwamini hutiwa mhuri usiofutika, hupewa nguvu ya Roho Mtakatifu, na hutumwa kuwa shahidi wa Kristo kwa neno na kwa tendo.

Vijana wetu wengi leo wanaondoka nyumbani kama yeye alivyoondoka: kwenda chuoni, mjini, machimboni, au kufanya kazi katika nyumba za watu. Mara nyingi imani huachwa kijijini pamoja na nguo zilizochakaa. Isidore alipohama aliwatafuta kwanza watu wa kusali nao. Kijana anayefika mahali pageni na aulizie mapema parokia na jumuiya ndogo ndogo ya Kikristo ya mtaa ule. Akikuta padre hufika mara moja tu kwa mwezi, na awakusanye wenzake kwa rozari siku ya Dominika. Akidhihakiwa kazini kwa sababu ya ishara ya msalaba, na akumbuke mgongo wa kijana yule wa Ikili.

Wazazi na wasimamizi nao wana sehemu yao. Kumnunulia kijana nguo nzuri za siku ya Kipaimara ni jambo jema, lakini kumfuatilia mwaka mmoja baadaye, kusali naye na kumuuliza anaungama lini, ndiko kuusimamia wito wake.

Zaidi ya yote, Isidore alisamehe. Kustahimili maumivu hata askari aweza. Kumwombea mema anayekuua ni tunda la Roho Mtakatifu. Aliyekosana na jirani, na ndugu wa damu au na mwanakwaya mwenzake, na aanzie hapo kuiishi Krisma aliyopakwa.

Mwenyeheri Isidore Bakanja, utuombee.