Hemingway wa Kimana na bunduki ya kitoweo

Ukitoka Emali kuelekea Loitokitok, Kimana utaipita chapchap: nyanya, vitunguu, bodaboda, ng'ombe wakivuka lami, na Kilimanjaro ikijificha mawinguni. Wengi wetu hatujui kwamba mwishoni mwa 1953 kulikuwa na kambi ya mahema kando ya kinamasi cha hapa, na mwenye kambi alikuwa mmoja wa waandishi maarufu zaidi duniani, Ernest Hemingway.

Jamaa alizaliwa Julai 21, 1899, Oak Park, karibu na Chicago. Babake alikuwa daktari, na ndiye aliyemfunza kuvua samaki na kuwinda kule Michigan walikoenda likizo. Chuo hakukanyaga. Alipomaliza sekondari 1917 aliingia gazeti la Kansas City Star akajifunzia kazi humo humo. (Sisi tulioacha chuo katikati tunapenda sana sehemu hii, lakini tusijidanganye: huyu msee alikuwa akiandika asubuhi kama anayeenda kibarua.) Mwaka uliofuata alikuwa Italia na Msalaba Mwekundu, akajeruhiwa vitani kabla hajafika miaka 19.

Mombasa alishuka mara ya kwanza Desemba 1933 na mkewe Pauline, safari ikilipiwa na ami ya Pauline, tajiri. Kiongozi wao alikuwa Philip Percival, mwindaji mzungu mwenye shamba Machakos. Hemingway aliugua kuhara damu, akabebwa kwa ndege hadi Nairobi kutibiwa. Safari hiyo ilizaa Green Hills of Africa mwaka wa 1935, na mwaka uliofuata ile hadithi fupi ya theluji ya Kilimanjaro.

Miaka 20 baadaye akarudi na mke wa nne, Mary, na Percival akatolewa kwenye kustaafu kuwaongoza. Ndipo walipofika Kimana.

Watu wakisikia mwindaji wa enzi hizo huwaza bunduki kubwa ya ndovu. Alikuwa nayo, ya .577, inayokupiga bega kama teke la punda. Lakini hiyo ilingoja siku yake. Kitoweo kilihitaji bunduki ya marisau. Kambi ina watu wengi, na watu lazima wale. Kanga, kwale, bata: ndege anayeruka humwangushi kwa risasi moja, labda kwa bahati. Ganda la marisau hutoa vidonge vingi vinavyotawanyika hewani, kwa hivyo unalenga mbele kidogo ya ndege, naye anaruka kuingia humo. Ikizidi mita 40 hivi, nguvu zimeisha.

Mbona basi mitutu miwili? Kwanza, una mapigo mawili ya haraka bila chuma kingine cha kusukuma kinachoweza kukwama vumbini. Pili, mara nyingi mdomo wa mtutu mmoja umebanwa kuliko wa mwingine: ulio wazi ni wa ndege wa karibu, uliobanwa ni wa aliye mbali. Unachagua kwa kidole tu. Na ikiwa fupi, haikwami kwenye miiba.

Kazi yake ya pili haina utani: chui aliyejeruhiwa. Chui wa hivyo hujificha kichakani kimya, halafu anakuja chini chini, na ukimwona yuko hatua chache. Hakuna wakati wa kulenga vizuri. Hapo wawindaji walitia marisau manene. Katika kitabu chake cha Kimana, Hemingway anasimulia kumfuata chui kichakani, ingawa yeye alibeba Winchester ya mtutu mmoja.

Tuseme ukweli pia. Denis Zaphiro, afisa wa wanyamapori wa Kajiado, alimpa Hemingway cheo cha heshima cha mlinzi wa wanyamapori. Akanyoa kichwa, akatia nguo zake rangi ya Wamaasai, akabeba mkuki. Kwangu mimi huo ulikuwa mchezo wa mtu mwenye pesa. Wakati huo Kenya ilikuwa katika Hali ya Hatari, na Mwafrika aliyekutwa na bunduki au hata risasi bila kibali angeweza kunyongwa. Wakamba waliombebea bunduki siku nzima walijua hilo kila walipomkabidhi.

Januari 1954 alipata ajali mbili za ndege Uganda kwa siku mbili, karibu na Murchison na kisha Butiaba. Magazeti yakatangaza amekufa, naye akaishi kuyasoma. Alipasuka kichwa, akaumia ini na figo. Oktoba akapewa Tuzo ya Nobel, lakini hakwenda Stockholm kuichukua. Hakupona vizuri tena.

Miaka ya mwisho alisumbuliwa na huzuni nzito na hofu, akalazwa Mayo Clinic mara mbili. Babake alijiua kwa bunduki mwaka wa 1928. Julai 2, 1961, nyumbani Ketchum, Idaho, Hemingway naye alijiua, kwa bunduki ya marisau ya mitutu miwili. Wapo wanaokiimba kifo hicho kama ushujaa. Mimi naona mgonjwa ambaye silaha ilikuwa karibu naye mno.

Muswada wa Kimana hakuumaliza. Mwanawe Patrick, aliyeishi Tanganyika miaka mingi na kufundisha chuo cha wanyamapori cha Mweka, aliupunguza, ukatoka 1999 kwa jina True at First Light. Kenya ilipiga marufuku uwindaji 1977, na tangu 1996 Kimana ina hifadhi ya jamii. Kanga nao bado wanavuka barabara polepole, kama wenye ploti.