Sayyid Barghash na Mawe ya Unguja

Somo la kuchakaa na kumomonyoka kwa miamba aghalabu hufundishwa kwa mifano ya milima ya mbali, ambayo mwanafunzi hajapata kuiona. Mwalimu aliyeko Unguja hana haja ya kwenda mbali. Maisha ya mtawala mmoja aliyependa kujenga yanamtosha.

Barghash bin Said alikuwa mwana wa Sayyid Said bin Sultan. Mwaka 1859 alijaribu kumpindua nduguye, Sayyid Majid, akashindwa na kupelekwa uhamishoni Bombay kwa muda wa miaka miwili hivi. Mwaka 1870 Majid alifariki, na Barghash akashika utawala. Miaka miwili baadaye kimbunga kikubwa kilizamisha majahazi na kung'oa mikarafuu ya Unguja. Mwaka 1873, kwa kushurutishwa na Waingereza, alitia saini mkataba uliofunga soko la watumwa. Hata hivyo, utumwa wenyewe uliendelea mashambani, na jasho la watumwa hao lilikuwa sehemu ya utajiri aliojengea.

Baada ya kuzuru Uingereza mwaka 1875, Barghash alijenga kwa bidii. Alileta mjini maji safi kwa mifereji kutoka chemchemi za nje ya mji. Alijenga kasri la Maruhubi, na mwaka 1883 akamaliza Beit al-Ajaib, jumba refu lenye nguzo za chuma lililoikabili bahari. Alifariki mwezi Machi 1888.

Kuta za majumba hayo zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, yakishikamanishwa kwa chokaa. Jiwe hilo ni mabaki ya viumbe wa bahari. Lina vitundu vingi, nalo hunywa maji. Hapa ndipo somo lilipo: maji, ambayo Barghash aliwapa watu wake kama neema, ndiyo adui wa mawe yake.

Mvua inyeshapo huchukua hewa ya kaboni dayoksaidi, ikawa asidi hafifu, nayo huyeyusha chokaa kidogo kidogo. Unyevunyevu wa bahari huingiza chumvi katika vitundu vya jiwe. Maji yakikauka, chembe za chumvi hukua na kulipasua jiwe kwa ndani. Chuma kikishika kutu hutanuka, kikaupasua ukuta. Mbegu ya mti ikiota ufani, mizizi yake hupanua ufa huo. Yote haya ni kuchakaa, kwa kuwa jiwe huharibika papo hapo lilipo. Maji, upepo au mawimbi yakiichukua ile chenga, huo ndio mmomonyoko. Mwanafunzi ataona mfano wake katika majabali ya pwani yaliyoliwa chini na mawimbi.

Wazee wa mji walizipaka kuta chokaa mara kwa mara, na chokaa hiyo iliruhusu unyevunyevu utoke. Saruji ngumu huuzuia, na jiwe likaoza ndani bila kuonekana. Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Hata hivyo, tarehe 25 Disemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib pamoja na mnara wake iliporomoka, na watu wawili wakafa. Kwa hiyo somo hili si la kujibia mtihani tu. Mtoto anayeitambua dalili ya ukuta mbovu aweza kuokoa maisha.

Darasani, mwalimu alete vipande viwili vya jiwe la matumbawe vilivyookotwa chini, visibanduliwe jengoni. Kimoja kidondoshewe maji ya ndimu, na wanafunzi watazame povu. Cha pili kichovywe katika maji ya chumvi na kuanikwa juani, kila siku kwa majuma mawili, kisha chenga zilizoanguka zikusanywe na kupimwa. Baadaye watoto watembezwe mjini, wakae mbali na kuta zilizochakaa, waandike kila dalili waionayo: ufa, chumvi, kutu, mzizi. Wakirudi, kila mmoja aeleze ni nini kilichosababisha dalili hiyo, na nani angepaswa kuizuia mapema.