Daktari Lumsden na Homa ya Newala

Umekwisha kujifunza kuwa mbu aina ya Anofelesi hueneza malaria. Je, wajua kuwa mbu wa aina nyingine alipata kuwalaza vitandani watu wengi wa Newala na Masasi, wasiweze hata kunyoosha magoti? Mmoja wa waliochunguza jambo hilo alikuwa Daktari William Hepburn Russell Lumsden. Soma habari za maisha yake.

Lumsden alizaliwa Scotland mwaka 1914. Alisomea elimu ya viumbe na udaktari katika Chuo Kikuu cha Glasgow. Mwaka 1947 alikuja Entebbe, Uganda, katika kituo cha utafiti wa homa ya manjano. Huko alichunguza tabia za mbu wa msituni: waishi wapi, na waume saa gani.

Mwaka 1952, nchi yetu ilipokuwa ikiitwa Tanganyika, ugonjwa mgeni ulizuka katika uwanda wa juu wa Makonde. Mtu mzima wa afya alishikwa ghafla na homa kali. Viungo vyake vilimuuma hata akajikunja. Wenyeji waliuita chikungunya, jina litokanalo na neno la Kimakonde lenye maana ya kujikunja. Daktari Marion Robinson aliandika dalili zake kwa uangalifu. Zilifanana sana na zile za homa ya dengi. Lumsden naye alitafuta jibu la swali hili: ugonjwa huu waenezwaje?

Hakutazama wagonjwa peke yao. Alitazama pia namna watu walivyoishi. Juu ya uwanda ule hakuna mito. Mvua ikinyesha, maji hudidimia upesi ardhini. Kwa hiyo watu walilazimika kuteremka mabondeni kuteka maji, kisha kupanda nayo mlima. Maji yaliyopatikana kwa taabu namna hiyo hayamwagwi ovyo. Yaliwekwa akiba nyumbani katika vyombo. Humo ndimo mbu aitwaye Aedes aegypti alimotaga mayai, na viluwiluwi wakakua. Mbu huyu ni mweusi mwenye mabaka meupe miguuni, naye huuma mchana.

Usidhani basi kuwa watu wa Newala walikuwa wazembe. Ni uhaba wa maji uliompa mbu makao.

Lakini dhana haitoshi katika sayansi, lazima ithibitishwe. Mtafiti mwenzake, R. W. Ross, alipata virusi katika damu ya wagonjwa, na pia katika mbu waliokamatwa huko. Hivyo ushahidi wa maabara ukaafikiana na ule wa kijijini. Mwaka 1955 Lumsden alichapisha taarifa ya uchunguzi wake.

Mwaka 1957 alihamia Tororo, Uganda, kuongoza utafiti wa malale. Baadaye alirudi Uingereza, akawa profesa mjini London. Yeye na wenzake walibuni njia ya kuchuja damu ya mgonjwa ili chembe za damu zibaki nyuma na vimelea vya malale vipite. Kwa njia hiyo hata vimelea wachache huweza kuonekana kwa hadubini, na mgonjwa akatibiwa mapema. Lumsden alifariki mwaka 2002.

Leo chikungunya imeenea Afrika, Asia, Ulaya na Amerika, na kila mahali yaitwa kwa jina lile la Kimakonde. Hakuna dawa maalumu ya kuua virusi vyake mwilini. Kinga iliyo karibu nawe ni kifuniko cha mtungi wa maji nyumbani kwenu.

Kazi ya kufanya
1. Chunguza vyombo vyote vyenye maji nyumbani kwenu na shuleni. Ni vingapi havina vifuniko? Je, mna viluwiluwi?
2. Kwa nini Lumsden alichunguza mahali watu walipopata maji?
3. Eleza kwa nini ilifaa kupima damu ya wagonjwa na mbu pia.